Kutoka barua ya Lincoln hadi mtihani wa bodi: historia ya cheti cha daktari wa miguu

Tarehe 22 Septemba mwaka 1862 inakumbukwa nchini Marekani kwa jambo moja kubwa. Siku hiyo, mjini Washington, Rais Abraham Lincoln alitoa tangazo la awali la kuwaachia huru watumwa katika majimbo yaliyokuwa yameasi. Lakini siku hiyo hiyo Rais huyo aliandika pia karatasi nyingine ndogo ambayo watu wachache wanaifahamu. Ilikuwa barua fupi ya kumsifu mtu aliyemtibu miguu, Isachar Zacharie, mzaliwa wa Uingereza. Ndani yake Rais alieleza kuwa tiba hiyo ilifanikiwa, na kwamba miguu yake ilikuwa imepata nafuu.

Kwa Zacharie, barua hiyo ilikuwa ndiyo cheti chake. Hapakuwa na chuo cha tiba ya miguu nchini Marekani wakati huo. Hapakuwa na baraza la kumtahini, wala sheria iliyosema ni nani anaruhusiwa kushika kisu na kukata sugu au ukucha uliozama nyamani. Mgonjwa aliyetaka kujua kama mtibabu ni hodari aliuliza swali moja tu: je, amemtibu nani?

Leo hii, katika eneo hilo hilo la Washington, daktari kijana anayetaka kutambuliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa miguu hawezi kuonyesha barua ya mgonjwa, hata kama mgonjwa huyo ni Rais wa nchi. Anatakiwa kufanya mtihani. Makala haya yanafuatilia safari ya zaidi ya miaka 150 kutoka barua ile hadi mtihani huu, na sababu iliyofanya ushahidi wa mgonjwa usitoshe tena.

Mtibabu aliyekusanya barua

Zacharie alikuwa bingwa wa kukusanya sifa. Mbali na Lincoln, aliwatibu Waziri wa Mambo ya Nje William Seward na Jenerali George McClellan, na watu mashuhuri wengine pia walimwandikia barua. Umaarufu huo ulimfungulia milango isiyohusiana kabisa na nyayo. Lincoln alimtuma New Orleans kuchunguza hali ya kisiasa, na mwaka 1863 alivuka hadi Richmond, makao makuu ya upande wa Kusini, kuzungumza na viongozi wa huko kuhusu uwezekano wa kumaliza vita.

Aidha, alipendekeza jeshi la Marekani liwe na kikosi maalum cha watibabu wa miguu, kwa kuwa askari waliotembea maili nyingi wakiwa na viatu vibaya walikuwa wakiumia kabla hata ya kumwona adui. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, lakini halikutekelezwa. Baada ya vita aliwasilisha madai Bungeni ya kulipwa kwa kutibu maelfu ya askari. Bunge halikumlipa. Zacharie alirejea Uingereza na kufia London mwaka 1900.

Waswahili husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1860 Zacharie alikuwa amechapisha kitabu juu ya magonjwa ya miguu, kikiwa kimepambwa kwa barua za sifa. Wanahistoria wa tiba walipokilinganisha na kitabu cha mtibabu mwingine, John Eisenberg, kilichotolewa London mwaka 1845, waligundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa imenakiliwa. Hakuna mgonjwa wake aliyeweza kulitambua jambo hilo. Lincoln alijua kwamba maumivu yamepungua. Hakuwa na njia ya kujua kama mtu aliyeyapunguza alikuwa na elimu aliyodai kuwa nayo.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa barua ya sifa. Hata ikiandikwa na mtu mwaminifu, inaeleza mgonjwa alivyojisikia, na wala haielezi kitakachomfika mgonjwa anayefuata.

Sheria, shule na jina jipya

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 jimbo la New York lilitunga sheria ya kusimamia kazi ya kutibu miguu, na watibabu wa huko wakaunda chama chao. Mwaka 1911 daktari Maurice Lewi alianzisha shule ya tiba ya miguu mjini New York, na mwaka uliofuata chama cha taifa kiliundwa.

Mjini Washington, ambako sheria za jiji zilitungwa na Bunge la Marekani lenyewe, wabunge walipitisha mwaka 1918 sheria ya kusimamia tiba ya miguu katika Wilaya ya Columbia. Kazi ambayo Zacharie aliifanya kwa barua sasa ilihitaji leseni.

Chama cha taifa kilibadilisha jina mwaka 1958 na tena mwaka 1984, kikiacha neno la zamani lililowakumbusha watu wakata sugu wa mitaani, na kuchukua jina la Chama cha Marekani cha Tiba ya Miguu. Kwa miaka mingi makao yake makuu yalikuwa Bethesda, katika jimbo la Maryland, mwendo mfupi kutoka Washington. Sababu ya kukaa jirani na mji mkuu haikuwa ngumu kuielewa, kwani maamuzi mengi yaliyoipa kazi hiyo hadhi yalifanyika huko. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwaka 1967 yaliwaingiza madaktari wa miguu katika mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wazee, Medicare. Mwaka 2018 sheria nyingine iliwapandisha madaktari wa miguu wa hospitali za maveterani wa vita katika daraja moja la mishahara na madaktari wengine.

Hata hivyo, leseni na ubingwa ni vitu viwili tofauti. Leseni hutolewa na jimbo, nayo inasema kwamba mtu huyu anaruhusiwa kutibu. Cheti cha ubingwa hutolewa na bodi ya wanataaluma wenyewe, nacho kinasema kwamba wenzake wameipima kazi yake katika fani fulani na kuridhika nayo.

Wazo lililotoka kwa madaktari wa macho

Wazo la bodi ya ubingwa halikuanzia miguuni. Mwaka 1908 daktari wa macho Derrick Vail aliwaambia wenzake kwamba haifai mtu ajitangaze kuwa bingwa wa macho bila kusomea na kutahiniwa. Kabla ya hapo daktari yeyote aliweza kubandika kibao mlangoni na kujiita bingwa. Mwezi Desemba mwaka 1916 mtihani wa kwanza wa bodi ya macho ulifanyika Memphis, katika jimbo la Tennessee. Fani nyingine zilifuata, na mwaka 1933 bodi hizo zikaunda baraza la pamoja.

Madaktari wa miguu walikuwa nje ya mfumo huo, kwa kuwa elimu yao ilikuwa na vyuo vyake na shahada yake. Walijenga ngazi zao wenyewe. Mwaka 1956 liliundwa baraza la taifa la kuwatahini wanafunzi wa tiba ya miguu. Mwaka 1975 ikazaliwa bodi ya upasuaji wa miguu, ambayo tangu mwaka 2014 inaitwa Bodi ya Marekani ya Upasuaji wa Miguu na Vifundo, kwa kifupi ABFAS. Kando yake kuna bodi ya tiba ya miguu kwa ujumla, ijulikanayo kama ABPM.

Mtihani kama mlango

Mtihani unaweza kuwa mizani ya haki, lakini pia unaweza kuwa ukuta. Historia ya jiji la Washington inaonyesha yote mawili, na mfano wake bora hautoki kwa daktari wa miguu bali kwa daktari wa upasuaji, Charles Drew.

Drew alizaliwa Washington mwaka 1904 na anakumbukwa kwa utafiti wake juu ya kuhifadhi damu. Mwaka 1941 alifanya mtihani wa bodi ya upasuaji ya Marekani na kufaulu. Mwaka huo huo alichukua uongozi wa idara ya upasuaji katika Chuo Kikuu cha Howard na hospitali ya Freedmen's, na akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mtahini wa bodi hiyo. Lakini chama cha madaktari cha Wilaya ya Columbia hakikuwapokea weusi hadi mwaka 1952, miaka miwili baada ya Drew kufariki katika ajali ya gari. Kwa maneno mengine, mtu aliyeaminiwa kuwapima madaktari wa upasuaji wa taifa zima hakuruhusiwa kuwa mwanachama katika mji aliozaliwa.

Drew aliutumia mtihani kama chombo. Aliamini kwamba karatasi ya majibu haina rangi, na kwamba njia ya kuwanyamazisha waliowadharau wanafunzi wake ni kuwaandaa vizuri kuliko wengine. Zaidi ya nusu ya madaktari weusi waliopata cheti cha bodi ya upasuaji kati ya mwaka 1941 na 1950 walikuwa wamefundishwa naye.

Funzo la Howard linagusa pia tiba ya miguu. Barua ya sifa inamfaa aliye karibu na wakubwa. Zacharie aliingia Ikulu. Mtibabu mweusi wa miguu katika Washington ya mwaka 1862, hata angekuwa na mkono mwepesi kiasi gani, asingepata barua kama ile. Mtihani angalau unauliza maswali yale yale kwa wote. Lakini unatenda haki kwa wale tu waliofunguliwa mlango wa shule na wa wodi kabla yake.

Mguu usiosema

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, iliyoifanya barua ya mgonjwa ipoteze thamani, nayo inatokana na ugonjwa wa kisukari.

Kabla ya kugunduliwa insulini mwaka 1921, wagonjwa wengi wa kisukari, hasa vijana, walikufa mapema. Insulini ilirefusha maisha yao, na maisha marefu yakaleta madhara ambayo hapo awali hayakupata muda wa kujitokeza. Daktari Elliott Joslin wa Boston alionya mwaka 1934 juu ya hatari ya kuoza kwa miguu ya wagonjwa hao, na alikuwa miongoni mwa waliowaingiza watibabu wa miguu katika kliniki za kisukari.

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari au kutembea kutwa nzima na jiwe ndani ya kiatu bila kuhisi lolote. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma nchini India na baadaye Carville, katika jimbo la Louisiana, alionyesha kwamba nyayo za wagonjwa wake hazikuwa zikioza zenyewe, bali ziliharibiwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyahisi. Maumivu, alifundisha Brand, ni mlinzi wa mwili. Ujuzi huo uliotoka kwenye ukoma ndio unaotumika leo kwenye kisukari, pamoja na uzi laini wa nailoni wenye mgandamizo wa gramu 10 ambao daktari huugusisha kwenye unyayo ili kujua kama mgonjwa bado anahisi.

Hapa ndipo ushahidi wa mgonjwa unapofikia mwisho wake. Lincoln alihisi maumivu na alihisi nafuu, hivyo neno lake lilikuwa na uzito fulani. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia hawezi kusema kama daktari amekata vizuri au amekata vibaya. Anaweza kutoka kliniki akiwa ameridhika kabisa, huku jeraha linaloanza chini ya sugu likielekea kwenye mfupa. Anayeweza kuipima kazi hiyo ni mtu mwingine mwenye ujuzi ule ule.

Kwa mujibu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, Wamarekani zaidi ya milioni 38 walikuwa na kisukari mwaka 2021. Katika idara ya maveterani, yenye makao yake makuu Washington, mpango maalum wa kuzuia ukataji wa miguu ulianzishwa mwaka 1993. Katika hospitali ya Georgetown ya jiji hilo, madaktari wa miguu hufanya kazi pamoja na wapasuaji wa mishipa ya damu na wa ngozi kwa lengo moja: kuuokoa mguu kabla ya kufikiria msumeno.

Safari ya mtahiniwa

Je, anayetaka cheti cha ubingwa leo anajiandaa vipi? Eneo la Washington halina chuo cha tiba ya miguu. Kilicho karibu kipo Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Temple. Baada ya shahada ya kwanza, mwanafunzi husoma tiba ya miguu kwa miaka minne, kisha hufanya mafunzo ya ubingwa hospitalini kwa miaka mitatu. Mitihani ya leseni hufanyika hatua kwa hatua njiani.

Kwa upande wa ABFAS, mtihani una sehemu kubwa mbili. Kwanza ni maswali ya elimu, pamoja na wagonjwa wa kubuniwa kwenye kompyuta, ambapo mtahiniwa anaamua aulize nini, aagize picha gani ya eksirei, na atibu vipi. Unyayo na kifundo vina mifupa 26 kila upande. Miguu yote miwili ina 52, yaani robo ya mifupa yote ya mwili. Mtahiniwa anapaswa kuijua mifupa hiyo, mishipa yake na pembe zake, kama nahodha anavyoijua miamba ya bandari yake.

Pili ni kazi yenyewe. Daktari huorodhesha operesheni alizofanya, na bodi huchagua baadhi yake. Hapo anatakiwa kuwasilisha kumbukumbu kamili: alimkuta mgonjwa katika hali gani, kwa nini aliamua kupasua, picha za kabla na za baada, na mgonjwa aliendeleaje. Watahini wasiomjua daktari huyo huzikagua karatasi hizo. Daktari asiyeandika vizuri hujikuta mashakani, hata kama mkono wake ni hodari.

Kwa hiyo matayarisho hayaanzi wiki chache kabla ya mtihani. Yanaanza siku ya kwanza ya mafunzo, katika uandishi wa kila jalada. Wengi husoma usiku baada ya zamu, huunda vikundi vya kuulizana maswali, na hulipa ada ambazo kwa daktari kijana mwenye deni la masomo si ndogo. Kinachowasukuma si heshima peke yake. Hospitali nyingi humtaka daktari apate cheti cha bodi ndani ya miaka fulani, la sivyo atapoteza ruhusa ya kupasua humo. Na hata baada ya kukipata, anatakiwa kuonyesha mara kwa mara kwamba ujuzi wake haujalala.

Mfumo huu una wakosoaji wake. Wapo wanaosema kwamba mtihani hupima kumbukumbu kuliko busara, na kwamba kuwapo kwa bodi zaidi ya moja kunawachanganya wagonjwa na hospitali. Ni hoja zenye uzito. Lakini hakuna kati ya wakosoaji hao anayependekeza kurudi kwenye barua za sifa.

Afrika Mashariki

Daktari aliyesomea Muhimbili, Makerere au Nairobi akihamia Maryland au Virginia hawezi kuingia moja kwa moja katika mtihani huo. Tiba ya miguu nchini Marekani ni shahada ya peke yake, na asiye nayo hana njia ya mkato, hata akiwa amewatibu wagonjwa wa vidonda vya miguu kwa miaka mingi nyumbani.

Afrika Mashariki yenyewe ina madaktari wachache mno waliosomea fani hiyo. Miguu ya wagonjwa wa kisukari huangaliwa na madaktari wa kawaida, wauguzi na wapasuaji, na wengi wa wagonjwa hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Jijini Dar es Salaam, daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wameonyesha tangu miaka ya 2000, kupitia mpango uitwao Step by Step, kwamba madaktari na wauguzi wakifundishwa kukagua nyayo na kutibu vidonda mapema, miguu mingi inaweza kuokolewa.

Kwa upande wa upasuaji, nchi za ukanda huu zimeshajenga bodi yao. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na kina makao yake Arusha. Daktari aliyefunzwa katika hospitali ya nchi moja hukaa mbele ya watahini kutoka nchi nyingine, na kipimo ni kimoja kwa wote. Hatua kama hiyo kwa tiba ya miguu bado ipo mbele.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na ugonjwa huo, wengi wao bila kujijua. Baadhi yao watafika kliniki wakiwa na nyayo zisizohisi tena. Watakayemkuta hapo huenda akawa daktari, muuguzi au tabibu wa kijijini, nao hawataweza kupima wenyewe kama anaijua kazi yake. Kazi ya kumpima lazima iwe imefanywa na wengine, kabla hawajavua viatu.